Kabla ya Kuweka Rejesta Katika Kompyuta, Someni Leseni



Mara nyingi mambo huanza hivi. Kikundi kimekuwa kikiandika michango katika kitabu kwa miaka mingi. Halafu anatokea kijana wa hapo kijijini aliyesomea kompyuta, anaiambia kamati: "Mnajisumbua na hiki kitabu. Mimi nitawawekea programu. Mtu akitoa mchango, unajiandika wenyewe. Asipotoa, anakumbushwa kwa simu. Na programu yenyewe ni ya bure." Wanachama wanapiga makofi, na kazi inaanza.

Hatusemi kijana huyo anadanganya. Programu za namna hiyo zipo, na zinaweza kumpunguzia katibu kazi nyingi. Lakini neno "bure" lina maswali ndani yake. Bure kwa kazi gani? Bure kwa watu wangapi? Sehemu gani iko wazi, na sehemu gani imefungwa? Majibu hayaonekani mnapotazama kompyuta. Yameandikwa katika leseni ya programu, na watu wengi hubonyeza "nakubali" bila kuisoma.

Shabaha ya somo hili ni kuisaidia kamati ijue leseni inafungua nini na inafunga nini, kabla ya kuweka pesa na majina ya wanachama mle ndani. Hata mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta anaweza kulifuata. Mnaweza kulisoma kwa mikutano miwili, mkisimama mahali palipo na swali.

1. PROGRAMU HIZI ZINAFANYA NINI?

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wanachama ni 30, na kila mmoja hutoa shilingi 200 kila wiki. Mweka hazina anapokea pesa, katibu anaandika, mwanachama anapewa risiti, na siku ya Ijumaa katibu anapekua kitabu aone nani bado. Hizo ni hatua nne, na zinafuatana vilevile kila wiki.

Kuna programu zilizotengenezwa ili hatua kama hizo zifuatane zenyewe. Mweka hazina anajaza fomu fupi kwenye simu. Programu inaona fomu imejazwa, inaandika jina na kiasi katika jedwali, inamtumia mwanachama ujumbe wa shukrani, na Ijumaa inapeleka ukumbusho kwa waliobaki. Mnaweza kuifikiria kama mradi wa maji: kuna chemchemi, kuna mabomba, kuna tangi na kuna mifereji. Mtu hufunga mabomba mara moja, kisha maji yanateremka yenyewe.

Programu za kazi hii ni nyingi. Katika somo hili tutazitaja nne zinazojulikana sana: Node-RED, n8n, Zapier na Power Automate ya kampuni ya Microsoft. Tumezichagua kwa sababu kila moja inatufundisha jambo tofauti kuhusu leseni. Hatuzitangazi, wala hatuzikatazi.

2. LESENI NI NINI?

Wengi wetu tumewahi kukodi shamba. Mwenye shamba anakuambia: "Lima mahindi na maharagwe, lakini usipande miti. Usimkodishie mtu mwingine. Mwaka ukiisha, tuongee tena." Shamba unalitumia, mavuno ni yako, lakini shamba si lako. Ukipanda mikalitusi, umevunja makubaliano, hata kama hakuna aliyekuona siku hiyo.

Leseni ya programu ni makubaliano kama hayo. Mwenye programu anabaki mwenyewe, na wewe unapewa ruhusa. Leseni inaeleza mambo matatu makubwa:

(a) Unaruhusiwa kutumia sehemu zipi za programu.
(b) Unaruhusiwa kuzitumia kwa shughuli gani.
(c) Ruhusa hiyo ni ya muda gani, na kwa malipo gani.

Kumbe basi programu mbili zinaweza kufanana machoni, zote mbili zikaitwa za bure, na masharti yake yakawa mbali kama Mombasa na Kisumu.

3. NAMNA NNE ZA KUFUNGA NA KUFUNGUA

Namna ya kwanza: mlango wazi. Node-RED ilianzishwa katika kampuni ya IBM mwaka 2013. Siku hizi inatunzwa chini ya shirika lisilo la kutafuta faida linaloitwa OpenJS Foundation, na leseni yake ni Apache 2.0. Leseni hiyo inaruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuibadilisha, kuigawa, hata kuiuza, mradi asiondoe maandishi ya leseni na ya wenye haki. Katika Node-RED yenyewe hakuna chumba kinachongoja ufunguo wa kununuliwa.

Je, hapo hakuna gharama? Ipo. Mnahitaji kompyuta yenu, stima, na mtu wa kuitunza. Tena kuna jambo moja la hatari. Node-RED ikiwekwa jinsi inavyotoka, ukurasa wake wa kupanga kazi hauna ulinzi: yeyote anayeweza kuufikia kwenye mtandao anaweza kuingia. Ni lazima fundi aweke majina ya watumiaji na maneno ya siri kwa mkono wake. Akifanya hivyo, anaweza kumpa mtu mmoja ruhusa yote na mwingine ruhusa ya kuona tu. Kwa hiyo leseni wazi haina maana ya nyumba salama. Maana yake ni kwamba kufuli mnaruhusiwa kuweka wenyewe, na msipoweka ni shauri yenu.

Namna ya pili: nyumba yenye vyumba vilivyofungwa. Programu ya n8n ilitoka Berlin, Ujerumani, mwaka 2019. Kijana wenu anaweza kuipakua na kuiweka katika kompyuta ya kikundi bila kulipa. Maandishi yake yote yako wazi, mtu anaweza kuyasoma. Lakini ndani ya maandishi hayo mna sehemu zilizotiwa alama ya herufi "ee" katika majina ya faili zake, na hizo ziko chini ya leseni nyingine, ile ya makampuni.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ile sehemu ya kulipia haiko dukani ikingoja kuletwa. Tayari imo katika kompyuta yenu! Ni kama umekodi nyumba ya vyumba sita, umekabidhiwa funguo za vyumba vinne, na viwili vimefungwa. Ukilipa unapewa ufunguo, yaani mstari wa herufi na namba. Mnauingiza, programu inaulizia kwa seva ya kampuni, na ikijibiwa ndiyo inafungua. Ruhusa ikiisha, vyumba vinafungwa tena, hata kama vitu vyenu viko ndani. Kuvunja kufuli hiyo kwa ujanja wa kompyuta ni kuvunja leseni.

Namna ya tatu: kipimo. Zapier hamuiweki kwenu; inakaa katika kompyuta za kampuni yenyewe, huko kwenye intaneti. Mpango wake wa bure, kwa masharti ya mwaka 2025, unaruhusu kazi 100 kwa mwezi, na kila mpango wa kazi uwe na hatua mbili tu: jambo moja la kuanzisha na jambo moja la kutenda.

Hebu tupige hesabu ya wale wafugaji wetu. Wanachama 30 kwa wiki nne ni michango 120. Wiki tatu za kwanza zinakula kazi 90. Wiki ya nne wanabakiwa na kazi 10. Mwanachama wa kumi akishaandikwa, wa kumi na moja hapati nafasi. Kazi inasimama mpaka mwezi mpya uanze au kikundi kilipe. Na hapo hatujatuma hata ujumbe mmoja wa shukrani, kwa maana hatua za mpango mmoja ni mbili tu, na tayari zimetumika: fomu, kisha jedwali. Wakiongeza mpango wa pili wa kutuma shukrani, zile kazi 100 zitaisha katika wiki ya pili.

Namna ya nne: kufunga kwa aina ya bomba. Leseni nyingi za Microsoft 365 za maofisini huja na Power Automate ndani yake. Lakini viungo vyake, yaani yale mabomba ya kuunganisha programu moja na nyingine, vimegawanywa mafungu mawili. Vya kawaida, kama vya Excel na Outlook, viko wazi. Vile vya daraja la juu vinataka leseni nyingine. Kiungo kinachoitwa HTTP, ambacho ni njia ya jumla ya kuongea na huduma nyingine kwenye intaneti, kiko katika fungu la juu. Kama kampuni inayotuma SMS haina kiungo chake cha kawaida, kikundi kitahitaji njia hiyo. Katika Node-RED na katika n8n ya bure, njia hiyo iko wazi.

Leseni hiyo ya juu hulipiwa kwa kichwa. Bei iliyotangazwa mwaka 2023 ilikuwa dola 15 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Maofisa watano wakiihitaji, ni dola 75 kwa mwezi, na dola 900 kwa mwaka. Kila kikundi kijiulize: pesa hizo zingenunua nini hapa kwetu?

4. SANDUKU LA KUFULI TATU

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinalijua sanduku la kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Linafunguliwa mkutanoni, mbele ya wote, na pesa zinahesabiwa kwa sauti. Je, ni kwa sababu hatuwaamini wenzetu? La. Ni ili mwenzetu tunayemwamini asije akasingiziwa, wala asije akajaribiwa siku ana shida ya karo au ya hospitali.

Mtu akiwaambia, "Chukueni sanduku hili bure, ila lina kufuli moja na ufunguo mmoja," mtamshukuru, lakini mtauliza: huo ufunguo utakaa kwa nani?

Hilo ndilo swali ambalo leseni za programu hutuletea. Tazameni ni vyumba gani hasa hufungwa katika n8n ya bure. Kwa maelezo yao ya mwaka 2025, toleo la bure linaweza kupanga kazi, kuziunganisha na kuziendesha bila kipimo cha mwezi. Lakini mambo haya yamefungwa:

(a) Kushirikiana mpango mmoja wa kazi. Katika toleo la bure, mpango huonekana na aliyeutengeneza na mwenye akaunti kuu peke yao.
(b) Kugawa kazi katika mafungu, kila fungu na watu wake.
(c) Kupeleka kumbukumbu za matendo mahali pengine ambapo mkaguzi anaweza kuzisoma.
(d) Historia ndefu ya mabadiliko. Mkijiandikisha kwa barua pepe mnapewa historia ya siku moja tu.

Mmeona? Mashine ya kufanya kazi imetolewa bure. Kilichowekewa bei ni macho ya kuitazama mashine na mwenye kuiendesha. Na kuna sababu: makampuni makubwa yenye wafanyakazi mamia ndiyo yanayohitaji sana kushirikiana na kukaguliwa, tena yana uwezo wa kulipa. Wenye programu nao wanataka kula, na hiyo ndiyo njia waliyoichagua. Hatuwalaumu.

Lakini kikundi cha watu 30 nacho kinahitaji macho hayo. Tuseme kijana wetu ndiye mwenye akaunti kuu, na ndiye aliyetengeneza mpango wa kuandika michango. Mwenyekiti na mweka hazina wanapewa akaunti zao, wanaingia, na wanakuta ukurasa mtupu. Mpango upo, unafanya kazi, lakini hawauoni. Faini ya kuchelewa ikibadilishwa kutoka shilingi 20 iwe shilingi 50, aliyebadilisha atajua. Wengine watajua siku mwanachama atakapolalamika.

Basi kikundi hufanya nini? Mara nyingi hutafuta njia ya mkato: wote wanatumia akaunti moja na neno moja la siri. Hapo mambo yanakuwa mabaya zaidi kuliko mwanzo. Ni sawa na kununua kufuli tatu, halafu funguo zote mkazitundika kwenye msumari mmoja mlangoni. Kukitokea kosa, kompyuta itasema limefanywa na "mwenye akaunti". Mwenye akaunti ni nani? Ni sote. Na likiwa la sote, hakuna wa kuulizwa. Isitoshe, mle ndani mna namba za simu na pengine namba za vitambulisho vya wanachama, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika habari za watu azilinde. Neno la siri linalojulikana na watu saba haliwezi kuitwa siri.

5. FUNDI, KODI NA MUUNGANO WA VIKUNDI

Kuna jambo lingine linaloweza kuleta ugomvi. Kikundi kimoja kikifaulu, vikundi vya jirani navyo vitataka. Kijana anaona nafasi ya kazi, na hilo ni jambo jema. Lakini leseni ya n8n, inayoitwa Sustainable Use License, inatenganisha kazi mbili ambazo kwetu zinaonekana kama moja.

Inaruhusiwa kikundi kuitumia kwa shughuli zake chenyewe. Pia inaruhusiwa fundi kulipwa kwa kuja kuwawekea programu, kuwapangia kazi na kuwafundisha. Huo ni ujira wa jasho lake. Isiyoruhusiwa ni hii: kuiweka programu katika kompyuta yake, kisha kuvitoza vikundi kumi kodi ya kila mwezi ili viingie na kuitumia. Hapo hauzi jasho lake tena, anakodisha shamba la mwenyewe. Kwa kazi hiyo anatakiwa apatane na kampuni kwanza.

Kwa Node-RED sharti hilo halipo, maana Apache 2.0 inaruhusu hata kuuza. Kwa hiyo muungano wa vikundi unaofikiria kuanzisha huduma ya pamoja usianze kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Uanze kwa kuuliza leseni ipi inaruhusu mnachotaka kufanya. Ni afadhali kujua leo kuliko kujua vikundi kumi vikiwa vimeshalipa.

6. MASHARTI HUBADILIKA

Mkumbuke tena kwamba mwenye shamba anaweza kubadilisha masharti ya msimu ujao. Hili limetokea mara nyingi.

Mwaka 2019 Microsoft ilihamisha kiungo cha SQL Server, ambacho watu walikitumia kufikia hifadhi za habari, kutoka fungu la kawaida hadi fungu la kulipia zaidi, kuanzia tarehe 1 Oktoba. Waliokuwa wakikitumia tayari walipewa muda wa kujiandaa.

Mwaka 2020, mwezi wa Septemba, huduma nyingine ya kazi za namna hii iitwayo IFTTT ilileta mpango wa kulipia, na watumiaji wa bure wakawekewa mpaka wa kutengeneza mipango mitatu. Kabla ya hapo hapakuwa na mpaka huo.

Mwaka 2022, mwezi wa Machi, n8n yenyewe iliacha leseni yake ya kwanza na kuchukua hii ya sasa.

Hatusemi mabadiliko yote ni mabaya. Tunasema kwamba kazi ya kikundi isijengwe kana kwamba sharti la leo litadumu milele. Kwa programu inayokaa kwenye kompyuta za kampuni, kama Zapier, sharti jipya linawafikia hapo hapo mlipo. Kwa programu mliyoiweka wenyewe, toleo lililotolewa chini ya leseni ya zamani kwa kawaida hubaki na leseni yake, lakini matengenezo mapya yanakuja na masharti mapya.

7. KAMATI IFANYE NINI?

Haya ndiyo mambo ambayo hata kikundi kisicho na pesa za leseni kinaweza kufanya.

Kwanza, andikeni mahitaji yenu kabla ya kuangalia programu. Wanachama wangapi? Michango mingapi kwa mwezi? Nani aandike, nani aone tu, nani akague? Karatasi moja inatosha.

Pili, mwambieni fundi awasomee leseni, au awaeleze kwa Kiswahili au kwa lugha yenu. Amtaje mwenye programu, jina la leseni, na vitu vilivyofungwa. Fundi mzuri hatakasirika. Kuuliza si ujinga.

Tatu, akaunti kuu iwe ya kikundi. Ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, wala si ya fundi. Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha, bahasha itiwe saini na watu watatu, kisha iwekwe ndani ya lile sanduku la kufuli tatu. Kijana akipata kazi Nairobi, kikundi hakitabaki nje ya nyumba yake.

Nne, macho mliyonyimwa na leseni yatafuteni mahali pengine. Kwa mfano, programu inaweza kuandika michango katika jedwali la Google Sheets. Humo mnaweza kumpa mkaguzi ruhusa ya kuona tu, na jedwali linaweka historia ya mabadiliko bila malipo. Hamtauona mpango wenyewe, lakini mtaona matunda yake, na mtu akigusa namba itaonekana.

Tano, kila badiliko la mpango, liwe la faini, la kiwango au la tarehe, lipitishwe mkutanoni na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano kabla ya fundi kuligusa. Kompyuta isijue jambo ambalo mkutano haujui.

Sita, toeni nakala ya mipango na jedwali kila mwisho wa mwezi, mkaiweke mbali na kompyuta. Programu ikifungwa, rejesta ibaki mikononi mwenu.

Saba, msitupe kitabu. Angalau kwa mwaka mmoja, katibu aendelee kuandika kwa kalamu, na kila mkutano kitabu na jedwali visomwe pamoja. Vikitofautiana, simamisheni mambo mengine mpaka mjue kwa nini.

Nane, mkiona kwamba kulipa ndiyo njia bora, lipeni bila wasiwasi, lakini mjue mnalipia nini. Kama mnalipia macho ya watu watatu juu ya pesa za watu 30, huenda ni bei ya haki. Kama ni vitu ambavyo hamtavigusa, acheni.

8. MASWALI YA MAZUNGUMZO

Mgawanyike kwa makundi ya watu watano au sita. Kila kundi lijibu maswali yafuatayo, kisha mrudi pamoja.

1. Katika kikundi chetu, nani wanaweza kubadilisha rejesta leo? Nani wanaweza kuiona? Je, programu itaongeza watu hao au itawapunguza?

2. Pigeni hesabu: wanachama wetu mara michango ya mwezi ni ngapi? Je, kipimo cha kazi 100 kingetutosha? Kingeisha tarehe ngapi?

3. Ikiwa fundi wetu atahama kesho, ni nani atakayeweza kufungua programu?

4. Ni lipi afadhali kwa kikundi chetu: programu wazi ambayo sisi wenyewe tunailinda, au programu ya kampuni ambayo tunailipia? Toeni sababu mbili kwa kila upande.

5. Kama vikundi vya kata yetu vingetaka huduma moja ya pamoja, leseni ingeruhusu? Nani atapewa kazi ya kuhakikisha?

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari linaweza kuwa ndani ya kompyuta, na hilo si kosa. Lakini daftari lenyewe likifunguliwa na mtu mmoja tu, habari nazo zitakuwa za mtu mmoja. Basi katika mkutano wenu ujao, kabla ya kupitisha jambo lolote la programu, mwekeni fundi katikati, mumpe kiti, mumwulize kwa upole: leseni yake inasemaje? Jibu lake liandikwe katika kumbukumbu, na wanachama watatu watie saini.